Safari Isiyo na Majina

Dhahabu ilionekana Ilundo, ng'ambo ya msitu, mwezi ule ule ambao mvua iliangusha mlima juu ya barabara. Watu wa mahali pengine wangesema barabara imefungwa, tusubiri. Watu wa Rungwe walisema barabara imefungwa, tupite msituni. Kufikia Pasaka nusu ya vijana wa Kawetele walikuwa wameshakwenda, na Nelson, mtoto pekee wa Mzee Ambindwile, alikuwa mbele yao.

Mzee Ambindwile hakutaka dhahabu. Alitaka Nelson. Mkewe alishafariki, chai shambani haikuwa na wa kuichuma na ilikuwa inarefuka kurudi kuwa miti, na waliotoka Ilundo walisimulia mashimo yanayojaa maji na kuporomoka na watu ndani. Mzee alikuwa hapati usingizi. Alijua pia nani wa kulaumiwa. Ni mkamwana wake, Elina, mwanamke wa mjini aliyekuwa akiishi na Nelson kule Msasani ya huku huku Rungwe, ambaye bila shaka ndiye aliyemtuma mumewe kutafuta vitu vya kung'aa.

Uso wa mkamwana huyo hakuwahi kuuona. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani, hawasemeshani, hawapishani njiani. Siku hizi wengi wameacha. Ambindwile hakuwa wengi. Harusi ilifanyika kwa akina msichana, Busokelo. Yeye alipeleka ng'ombe na ndugu zake, akabaki nyumbani. Akienda Msasani kumwona mwanawe, alianza kukohoa tangu barabarani, na mlango wa nyuma ukafunguka. Tangu waoane, alichowahi kukiona cha Elina ni kisigino kimoja, nacho kilikuwa kinakimbia.

Mzee akaamua kumfuata mwanawe. Aliyewaongoza watu msituni aliitwa Muddy, mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka sukari na betri machimboni. Muddy alikuwa na sharti moja, na alilitoa kabla hawajaingia.

"Humu hakuna jina wala kijiji," alisema. "Hii hifadhi. Askari wa msitu wakimkamata mmoja, asiwe na wa kumtaja. Wewe ni mzee. Wewe ni dada. Basi."

Mzee alikuwa mmoja na dada alikuwa mmoja, kwa hiyo sharti halikuleta taabu. Waliobaki walikuwa vijana wenye sururu begani, waliotembea kana kwamba dhahabu ingeondoka na basi la saa sita. Haukupita muda mzee na dada wakajikuta peke yao mkiani.

Mvua ilinyesha asubuhi kwa sababu ilikuwa asubuhi, na ikanyesha mchana kwa sababu ilikuwa mchana. Njia ilikuwa tope, mizizi na mianzi iliyoanguka, na kati ya hivyo palikuwa na majani ya kuwasha, ili mtu asichoshwe na kitu kimoja. Kwenye bonde la kwanza Ambindwile alizama mpaka kiunoni. Alisimama pale kwa utulivu, akifikiri kwamba kumbe kufa ndivyo kunavyokuwa. Dada akafunga khanga yake kwenye mti, akamrushia ncha, akamvuta. Mzee alitoka. Buti moja la mvua halikutoka.

"Liache, tata," dada alisema, kwa neno la Kinyakyusa la baba. "Limeshapata kwake."

Alimfunga mguu kwa mfuko wa mbolea na kamba ya mgomba, wakaendelea.

Mbele kidogo mzee akakanyaga siafu. Jambo hili halielezeki kwa heshima. Itoshe kusema kwamba suruali ilivuliwa haraka kuliko alivyowahi kuivua ujanani, na kwamba dada aligeuza mgongo, akanyoosha mkono nyuma, akaipokea ile suruali na kuikung'uta siafu mmoja mmoja huku akimsimulia habari za bei ya viazi.

Jioni walikaa chini ya turubai moja na wale vijana. Dada alifungua sufuria ya kande, akampa mzee sehemu yake kwenye mfuniko. Mzee akala, akala tena.

"Unakwenda kuchimba?" alimuuliza.

"Nakwenda kumrudisha mume wangu. Aliondoka bila kuniaga vizuri. Nilipomuuliza kisa, aliniambia baba yake anataka aonekane mwanaume." Dada alikoroga kande. "Huyo baba mkwe sijawahi kumwona. Nasikia ni mkali sana. Ana ng'ombe mmoja anampenda kuliko watu."

"Wazee wa namna hiyo wapo," Ambindwile alisema kwa masikitiko. Yeye ng'ombe wake alimwachia jirani, akarudi mara mbili kumuaga. "Mimi namfuata kijana wangu. Kaharibiwa na mke. Mwanamke wa mjini, ana maringo, hata kupika sidhani kama anajua. Lakini wewe, mumeo ana bahati kuliko akili. Hizi kande, ndaga fijo, asante sana."

Dada alicheka kwa mara ya kwanza, na mzee akafurahi, furaha ambayo hakuwa nayo tangu amzike mkewe. Wakawekeana ahadi. Atakayemwona wake kwanza atamsaidia mwenzake: mzee atamsema yule mume mpaka aone haya, na dada atamsema yule kijana.

Ilundo palikuwa mteremko mwekundu uliochimbuliwa kama shamba lililoingiliwa na nguruwe. Watu wenye rangi ya udongo walikuwa wanatoka mashimoni na kuingia. Mmoja wao, aliyekonda, aliwaona wawili hao wakishuka pamoja, mzee amemshika dada bega kwa sababu ya ule mguu wa mbolea. Akaacha karai lake lianguke.

"Baba," alisema Nelson. Kisha akasema, "Elina."

Hakuna aliyepiga kelele. Ambindwile aliuondoa mkono wake kwenye lile bega, akatazama huku na huku, akaona shimo, akaingia. Lilikuwa na maji mpaka magotini. Elina alijifunika khanga kichwa kizima, akaenda kuchuchumaa nyuma ya turubai la mtu asiyemjua. Ndani ya shimo mzee alikumbuka suruali. Alifumba macho, akatamani lile shimo liporomoke sasa hivi kama walivyokuwa wanasimulia.

Ila ahadi ni ahadi.

"Nelson," sauti ilitoka shimoni, "una mke anayevuka msitu kwa ajili yako, na wewe uko hapa unachota matope. Huoni haya?"

"Nelson," sauti ilitoka nyuma ya turubai, "una baba amekuja na mguu mmoja wa mfuko wa mbolea. Chai yake inakuwa msitu. Nani alikwambia anataka dhahabu?"

Nelson alisimama katikati akigeuka huku na huku.

"Mmepanga?" aliuliza.

Hakujibiwa, maana kujibu ni kukiri kwamba walisemezana. Nelson, aliyekuwa amejiandaa kubishana na mmoja mmoja, hakuwa na la kubishana na wawili. Alikaa chini akalia kidogo. Kisha akaenda kumtafutia baba yake mabuti.

Walirudi siku iliyofuata. Ambindwile alitangulia, Nelson akafuata na mizigo ya wote, na Elina akaja mwisho, mbali, nyuma ya ukungu. Hakuna aliyemwona asiyepaswa kumwona. Mzee alikuwa na mabuti mawili mazima na hakuwahi kusafiri vibaya namna ile. Hapakuwa na wa kumwambia kitu.

Walipokaribia lile bonde, alisimama mbele ya mwanzi mmoja mkubwa.

"Wewe mwanzi," alisema kwa sauti kubwa, "hapa ndipo pale pa buti. Anayekuja apite kushoto, kwenye mizizi."

"Baba, unaongea na nani?" Nelson aliuliza.

"Na mwanzi." Alijifuta maji usoni, mengine hayakuwa ya mvua. "Na jambo jingine, mwanzi. Yale niliyosema juu ya mke wa kijana wangu, sikuwa namjua. Namwomba radhi."

Mvua iliendelea. Halafu nyuma kabisa, kwenye ukungu, ikasikika sauti ikizungumza na mwanzi mwingine.

"Na mimi yule mzee wa ng'ombe sikuwa namjua. Mwambie kande zimebaki. Nelson atampa mfuniko."

Nelson alitazama mbele, akatazama nyuma, akajifunga koti vizuri, akidhani ni baridi imewapata.

Ambindwile alivuka tope. Msasani hakuna msitu wala mwanzi wa kusemesha, kuna mlango wa nyuma tu, na akikohoa barabarani utafunguka kama zamani. Kwa hiyo akatembea polepole, akisimama kila penye mwanzi, na hakuna aliyemharakisha.