Mgonjwa Hakushirikiana

Nkirote alikibana kibanio cha mashine kwenye kidole cha Qali kwa mara ya tatu, akangoja. Mstari kwenye kioo ulinyooka kama barabara ya Habaswein.

"Nimekufa, sista?"

"Bado, mama. Ni kidole tu."

Ncha ya kidole ilikuwa imepauka kama majivu. Nje, Garissa ilichemka na mbuzi waligombania kivuli cha tangi. Humu ndani ya kliniki kiyoyozi kilisoma nyuzi kumi na sita, kwa kuwa Abdimalik, mratibu wa mradi, alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu, na suti ile haikushonewa Garissa.

Kinga ya mwili wa Qali ilikuwa imemgeuka, kama askari wa boma wanaompiga mwenye boma. Viungo vilivimba, na mishipa ya damu nayo ikaingia kwenye ugomvi: ikiguswa na baridi, hujifunga. Mashine ilitakiwa ipime mishipa hiyo inavyofunguka. Bila kipimo hicho, Qali hangeonwa na daktari bingwa Alhamisi, na bingwa huja mara mbili kwa mwaka.

"Bosi, tuzime kiyoyozi kidogo," Nkirote alisema.

"Mashine ya kisasa hutaka baridi."

"Kitabu chake kinataka chumba chenye joto la wastani."

"Waliokiandika walishafika Garissa?"

Qali akacheka. "Waryaa, wewe Abdimalik! Ulikuwa ukikimbia bila suruali kwenye jua hili hili, nikimletea mama yako maziwa. Leo jua limekukosea nini?"

"Eeddo, shangazi, hapa ni ofisi," alisema Abdimalik, akichukua fomu. Kwenye maelezo akaandika: *Mgonjwa hakushirikiana.*

Nkirote alikifungua kibanio. Alimtoa Qali nje, akamkalisha juani mpaka rangi ikarudi kwenye kucha. Wakarudi mbio. Kufika kwenye kiti, vidole vilikuwa majivu tena.

"Bosi, kesho unaingia saa ngapi?"

"Saa nne. Nina mkutano."

Nkirote akainama kwa Qali. "Njoo saa moja, mama."

"Saa moja nakamua ngamia."

"Kamua, kisha uje moja kwa moja. Mikono itakuwa na joto."

"Itakuwa na maumivu pia."

"Hayo mashine haiyaulizi."

Abdimalik alipotoka kwenda kuswali, Nkirote alikipangusa kibanio kwa spiriti. Sanduku la matokeo kwenye fomu lilikuwa bado tupu. Akaitia fomu kwenye droo yake ingoje asubuhi, akageuka kutafuta swichi ya kiyoyozi ilikofichwa ukutani.