Taa Nyekundu ya Chujio

Asubuhi za Juni hapa Ingham, mji wetu wa miwa, zina baridi, na oili ya mashine yetu ya kukata miwa huamka nzito kama uji uliolala. Haipenyi kwenye chujio. Ndiyo maana chujio lina vali ya pembeni: msukumo ukizidi, vali inafunguka, oili inapita bila kuchujwa, chujio halipasuki wala pampu haikosi oili. Taa nyekundu inawaka kukuarifu. Oili ikipata moto, vali inajifunga, taa inazimika.

Taa hiyo ilimkera kaka yangu Ivo kuliko nzi.

"Renza, hebu nizibie hili jicho!"

"Mwanaume mzima unaogopa taa?"

Nikabandika utepe mweusi, tukacheka. Wakata miwa wote huku hufanya hivyo wakati wa baridi, kisha Agosti wanaubandua. Agosti ilipofika, nilisahau.

Septemba pampu ilipiga yowe katikati ya shamba, mashine ikazima. Fundi Athol alilipasua chujio. Lilikuwa limeziba kabisa, na oili ilimetameta kwa unga wa chuma.

"Vali imekaa wazi wiki nyingi," alisema. "Yenyewe imefanya kazi yake, imewapa muda mbadilishe chujio. Nyie mkaendelea kukata tu. Uchafu umetafuna pampu, mota, kila kitu."

"Inatengenezeka?" Ivo akauliza.

"Ndugu yangu, hii imekwisha."

Hatukuwa na nyingine. Ivo aliutazama ule utepe, akasema, "Kosa langu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani." Nilitaka kusema ni langu. Sikusema, na ninajichukia mpaka leo.

Kiwanda cha sukari hakimsubiri mtu. Kabla ya Ijumaa wakulima wote tuliokuwa tukiwakatia walihamia kwa Raiteri, mkata miwa mwenzetu mwenye mashine yake. Ivo, na miaka yake hamsini na minane, akaenda kwa Raiteri huyohuyo kuomba japo kazi ya kuendesha trekta la kubebea miwa. Nilimsubiri barazani.

"Kanikatalia," alisema aliporudi. "Anasema mtu aliyeua mashine yake mwenyewe, wakulima hawatamwelewa akimchukua. Lakini wewe anakutaka. Nimemwambia dada yangu ni mtu makini, hasahau kitu."

Alikuwa anatabasamu, kama aliyeniletea zawadi.

Jumatatu nilikwenda kazini.