Saa Yenye Matumbo Nje

Malale alikuwa mchunaji wa ngozi katika kambi ya wawindaji kando ya mto Ugalla. Kwa miaka minane hakuna utumbo wa mnyama uliowahi kumtia kichefuchefu. Saa ya yule mgeni ilimchefua siku ya kwanza.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Mgeni, mzungu mnene mwenye ndevu za rangi ya mahindi, alimsogezea mkono hadi puani aione vizuri. Saa haikuwa na uso. Palikuwa na kioo kitupu, na ndani yake magurudumu madogo ya dhahabu yalikuwa yakihema kama moyo wa kuku aliyepasuliwa kabla hajafa.

"Ni ya wasafiri," meneja Severini alitafsiri kwa majivuno, kana kwamba ni yake. "Mshale huu saa ya hapa, ule saa ya kwao. Zimetengenezwa hamsini tu dunia nzima."

Malale akatazama. Nyuma ya magurudumu aliona nywele za mkono wa mtu zimelala kwenye jasho. Akageuza uso.

Jumatano wakaweka chambo cha chui: nyati aliyeuawa siku tatu nyuma, amevimba, kafungwa mtini kwa mnyororo. Mgeni akataka picha. Alizamisha mkono ndani ya mbavu mpaka kwenye kiwiko, anacheka, Severini akimpiga picha huku ameziba pua.

Kesho yake asubuhi saa haikuonekana.

Mgeni hakuulizwa chochote. Wafanyakazi ndio waliopangwa mstari. Kwenye kibanda cha Mama Spès, mpishi mzee, walinzi walimwaga unga wake chini, kisha wakamvua kitenge na kumsimamisha na shimizi mbele ya wanaume. Mama Spès alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, na kibali chake cha kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kilikuwa kimekwisha wiki moja nyuma.

"Kumbe hata kibali huna!" Severini alisema. "Tunatafuta mwizi wa nini tena?"

"Yezu wanje," mama alinong'ona, akimwita Yesu wake kwa Kirundi, amejikumbatia kifua.

"Bosi, jana mgeni alitia mkono kwenye nyati," Malale alisema. "Tukaangalie kwanza."

"Nani amekuuliza wewe?"

Gari likampeleka mama polisi Mpanda. Mgeni alikuwa anakunywa kahawa.

Malale akaenda kwenye mti peke yake. Alifunga shati puani, akapekua mbavu. Saa ilikuwa imenasa kwenye nyama iliyooza, funza wametanda juu ya kioo, na chini yao magurudumu bado yanazunguka. Hakuweza kutofautisha kipi kinachotembea ndani na kipi nje. Akainama pembeni, akatapika mpaka nyongo.

Hakuiosha. Aliiweka juu ya kitambaa cheupe, katikati ya chakula cha mchana.

"Ungeisafisha, mjinga wewe!" Severini alifoka.

Mgeni yeye alipiga kelele za furaha. Aliipangusa kwa pombe yake, akaivaa, akaendelea kula kwa mkono uleule.

"Mwambie mgeni kwamba Mama Spès hakuiba," Malale alisema.

"Baadaye. Usimharibie mgeni chakula."

"Mwambie sasa hivi."

Severini alitamka maneno mawili matatu. Mgeni akacheka, akamwonyesha Malale dole gumba, akaita kamera ili apigwe picha naye. Malale hakujua Kiingereza, lakini alijua kwamba jina la Spès halikutajwa.

Alichukua visu vyake na baiskeli, akaondoka. Alifika Mpanda siku ya pili, miguu imevimba, akaeleza polisi kila kitu, pamoja na habari ya mkono ndani ya nyati. Walimwachia mama Jumamosi. Kosa la kibali lilibaki: alirudishwa Katumba na kukatazwa kutoka tena. Kazi yake ya upishi ikaisha hivyo.

Nje ya kituo mama aliomba maji. Malale akamshikia kopo, naye akasugua mikono mpaka mabegani, mara tatu, kwa sabuni ya kipande.

"Waliniona wote," alisema. "Vijana wa kuwazaa mimi."

Malale akachukua kopo. Akaenda kuongeza maji.