Asli ya Mzee Abdulwahid

"Usiishike hivyo!"

Jaafar akarudisha mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa halua.

"Sasa niishike vipi, Bwana Dawud? Nimeipakata juu ya pikipiki kutoka Mbwajumali hadi Mtangawanda, nikaipakata kwenye mashua hadi hapa Amu, na haikuvunjika. Leo mezani kwako ndiyo itavunjika?"

"Kwa ukingo. Vidole visiguse uso wake."

Tangu asubuhi duka hili la vitu vya kale halikuwa na neno jingine: usiguse, usipumulie, sogea unanitilia kivuli. Dawud, mtoto wa mjini aliyekaa Ulaya hadi akaota mvi, alikuwa ameiinamia ile sahani ya santuri kama daktari wa macho. Kwanza alilinusa jalada. Alilinusa, wallahi! Jalada lenye picha ya farasi mweupe amesimama ndani ya bafu. Kisha akaupima mgongo wa jalada kwa rula, akaisoma karatasi ya katikati ya sahani herufi kwa herufi, akaenda kufungua kitabu, akarudi.

"Mmh," akasema.

"Mmh maana yake nini?"

"Maana yake mmh."

Jaafar akatoa mfukoni kofia aliyokuwa akiishona. Kushona kofia ndiyo riziki yake: vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kizungushiwe uzi kwa mkono, hadi kitambaa kitoke kama sega la asali. Hii ilikuwa ya bwana harusi. Kwa hasira akapitisha sindano mahali si pake, ikambidi afumue. Akafumua huku akisonya.

Haya yote aliyaleta mpishi, baba yake Jaafar. Zamani, wazungu wenye nywele ndefu walipojaa mji huu wa Lamu, ambao wenyeji huuita Amu, mzee huyo alikuwa akiwapikia katika nyumba waliyopanga. Mmoja wao alipoondoka alimwachia santuri hii ya bendi ya roki, akamwambia ni asli, ya toleo la kwanza kabisa kutoka kiwandani, kabla hata maduka hayajapata. Mzee Abdulwahid akarudi nayo kijijini kwao Mbwajumali, ambako hakukuwa na gramafoni ya kuipigia, akasimulia. Hakuna aliyemwamini. Mpishi apewe kitu cha kwanza na nani? Mpaka leo mtu akileta kamba wadogo na kuapa ni wakubwa, wenzake humwambia, "Hao ni asli, kama ya Abdulwahid!" Watoto waliozaliwa jana wanalijua hilo.

Sasa mzee macho yameingia ukungu. Juzi alimwita Jaafar akamshika mkono, akamtuma akautafute ukweli. "Enda Amu kwa mtu ayuaye. Nataka kuyua kabla siyafa. Kama yule mzungu alinidanganya, niambie alinidanganya."

Simu ikalia. Mzee tena.

"Asema nini?"

"Bado, Baba. Alikuwa akinusa."

"Akinusa nini?"

"Jalada."

"Nti hii ina watu," mzee akashangaa, akakata simu.

Dawud akavua miwani. "Jalada ni la mwanzo. Karatasi ya katikati pia. Lakini hivyo vyote waliendelea kuvitumia hata kwenye matoleo ya baadaye. Kinachokata shauri ni alama. Pale muziki unapoishia, kabla ya karatasi, pana sehemu laini. Fundi wa kiwanda hukwaruza hapo herufi na namba za toleo."

"Basi soma!"

Dawud akaiinua sahani kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili. Uso ukamshuka.

"Pameungua. Pande zote mbili. Mtu amepapitishia kitu cha moto."

Jaafar akapiga simu nyumbani. Akapokea mama yake, Bi Huwaida.

"Mama, nani aligusa santuri ya Baba, pale karibu na karatasi?"

"Yale maandishi?"

"Uliyaona?"

"Mwanangu, herufi ndogo ndogo zimezunguka duara, hazisomeki, na namba katikati yake! Zimetoka kwa mtu nisiyeyua kwao. Ile ni talasimu ya uchawi. Nami nilikuwa na mimba yako. Nikakitia kisu motoni, nikasoma Ayatul Kursi, nikazifuta."

"Mama! Ni alama za kiwanda!"

"Nawe ukazaliwa mzima, na kichwa chako na miguu yako. Sasa wamlalamikia nani?"

Jaafar akaitazama simu, akaiweka chini taratibu, maana aliogopa ataitupa.

"Bwana Dawud, umeona jalada, umeona karatasi. Niandikie tu kwamba ni asli."

"Siwezi. Mtu akikuletea kofia iliyoshonewa bitana, huoni ndani, utaapa kwamba ni ya mkono?"

Jaafar akaitazama kofia mkononi mwake. Kila siku wateja huzigeuza kofia zake nje ndani wakimuuliza, hii si ya mashine? Kila siku hutamani kuwatosa baharini. Lakini kuapa bila kuona uzi wa ndani, hapana. Hangeapa.

"Imebaki alama moja, ya kusikia," Dawud akasema. "Mwisho wa upande wa pili, wimbo ukishakwisha, mwimbaji anakohoa. Walisahau kukikata kikohozi. Toleo la kwanza likatoka nacho, baadaye wakakiondoa. Mimi mwenyewe nimesoma tu, sijakisikia."

Akaiweka sahani kwenye gramafoni. Ilikuwa imepinda kwa joto la miaka, sauti ikawa inapanda na kushuka kama mtu aliyelewa bahari. Magitaa yalikereza, ngoma zikagonga, na wimbo haukuwa na haraka ya kwisha. Jaafar akasaga meno. Mwishowe gitaa likabaki peke yake, likafifia, na sindano ikafika palipoungua. Krrr! Ikaruka hadi kwenye karatasi. Dawud akairudisha. Ikaruka tena.

"Kisu cha mama yako kimepita papo hapo," akasema, akainua sindano.

Simu ikalia. Jaafar akabonyeza spika, akaiacha mezani.

"Baba."

"Mama yako asema ulipiga simu. Mumeipiga santuri? Upande gani?"

"Wa pili."

"Mumefika pale kijana akohoapo?"

Jaafar akamtazama Dawud. Hakuwa amemwambia mzee neno juu ya kikohozi, wala mama yake.

Dawud akaisogelea simu. "Bwana Abdulwahid, shikamoo. Akohoa vipi?"

"Marahaba. Wimbo ukisha. Kimoja kikavu, na cha pili akizuia, kama aonaye haya. Kila usiku wakiipiga nami nikiosha vyombo, nikimsikia. Nikimwambia yule mzungu wangu, rafiki yako huyu mpe tangawizi! Yeye akiteka tu, ha ha ha."

"Hebu tuoneshe."

Mzee akakohoa: kimoja kikavu, kisha cha pili kikakatika nusu, kama kilichozibwa na kiganja.

Dawud akakaa kitini. Akavaa miwani, akaivua. "Ni asli, lakini hilo siwezi kuliandika kwenye karatasi," akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa nani anakuomba tena uandike?" Jaafar akasema.

"Jaafar! Asema nini huyo mtu?"

Jaafar akaichukua simu, akaishika juu ya gramafoni, pale palipoungua, kwa ukingo.

"Kohoa tena, Baba."

Sahani ilikuwa bado inazunguka, na sindano iko juu, haigusi kitu.