Namba Ndogo kwa Wanawake

Kitu cha kwanza alichokigundua binti wa kufagia pale kwa daktari wa macho ni kwamba wanaume hutaka lenzi kali. Daktari alikuwa na mtindo wake: humvalisha mteja lenzi za kubandika kwenye mboni, namba ndogo kwanza, kisha kubwa, akamsimamisha mlangoni atazame barabara na kuchagua. Muuza nyama alichukua namba kubwa, akasema mwanaume haoni nusunusu, kisha akajikwaa kizingitini. Wanawake walipenda ndogo. Mwalimu mmoja alicheka akisema ikizidi hapo ataanza kumwona mumewe vizuri, na ndoa bado anaitaka.

Basi mkono wa daktari ukazoea. Mwanamke akiketi tu, unakwenda wenyewe kwenye namba ndogo.

Binti naye macho yake yalikuwa na ukungu. Hakuuchukia. Taa za barabarani zilimchanulia kama maua, watu walipita kama wanaelea, na ng'ambo, juu ya paa la dobi alikofanya kazi, mama yake alikuwa doa jeupe kati ya shuka zilizoanikwa. Kila asubuhi doa likitikisika, binti hupunga mkono. Siku nyingine alipungia shuka mpaka upepo ukatulia. Mama hakuambiwa.

Lakini kesho mama angeondoka kwenda mbali kumuuguza bibi, na hakuna aliyejua atarudi lini. Binti alitaka kumwona akipunga, uso wake wote, walau mara moja.

Asubuhi hiyo ya mwisho kabla ya safari, daktari akamwita aketi, akisema kazi yake imempendeza, naye atampa lenzi. Akamvalisha namba ndogo, akamwongoza mlangoni. Dunia ikasogea taratibu, laini, kama mtu anayeamka bila haraka. Kule paani shuka zikawa shuka. Katikati yake alisimama mtu, mkono juu, hana uso.

"Imekukaa, eti?" daktari akasema, huku anafunika kasha la namba kubwa. "Wanawake wote hupenda hiyo."

Binti alizoea kuitikia kwa kichwa. Safari hii kichwa kilikataa. Kule juu mkono ulikuwa unaanza kushuka.

"Samahani, daktari, usifunike. Nipe ile kali. Yule pale ni mama yangu, na sijawahi kumwona akinipungia."