Nyumba Isiyouzwa ya Mutanga Nord

Sikuzani wa avenue ya kumi na saba hajui kungoja. Sisi tuliokua naye hapa Buyenzi, Bujumbura, tunamjua tangu utotoni. Wali wake hufunuliwa kabla maji hayajakauka, na ukichelewa kupokea simu yake, utamkuta mlangoni kwako anauliza kama umekufa. Mungu naye ana utani wake, maana mtu huyu alimpa mdogo wake mmoja tu, Seifu, ambaye hata nyumba ikiungua angeuliza kwanza upepo unaelekea wapi.

Seifu anaishi Nairobi, ni mhasibu, na akiba yake huiweka kwenye hisa za makampuni. Zikipanda hasemi kitu. Zikishuka pia hasemi, anaongeza nyingine. Wakati wa korona soko lilipoporomoka, wenzake ofisini waliuza zao kwa bei ya kutupa. Yeye alizikalia hisa zake, na baadaye zikarudi zilipokuwa na kupita. Tangu hapo kila Ijumaa humtumia dada yake ujumbe wa sauti, na maneno hayabadiliki sana: "Dada, bei ni kelele ya watu. We angalia miaka, usiangalie wiki. Tulia."

Hilo neno "tulia" ndilo lililokuwa likimkera Sikuzani kuliko yote. Alikuwa akilisikiliza amesimama, kisha anatoka nje kutafuta mtu wa kumlalamikia.

Mali yenyewe iliyokuwa ikimkosesha raha ni nyumba ya Mutanga Nord. Baba yao, marehemu Mzee Karimu, alikuwa fundi wa magari. Aliijenga kidogo kidogo kwa pesa ya gereji, na kabla ya kufa aliiandika kwa majina ya watoto wake wote wawili, sawa kwa sawa, ili wasije wakatoana macho. Kodi yake ndiyo iliyosomesha watoto wa pande zote mbili. Wao wenyewe walipeana neno mbele ya kaburi: hakuna atakayeuza bila mwenzake.

Sasa mafuta ya gari yakaadimika mjini. Mutanga Nord iko juu kule, na mtu wa ofisi hawezi kupanda kilima kila jioni kwa miguu. Gélase, mpangaji wao, karani wa wizara, alivumilia mpaka soli za viatu zikamwishia. "Madame, nyumba ni nzuri sana," alisema akirudisha funguo. "Lakini mafuta, essence, apana. Mi nimepata kanyumba Nyakabiga, nashuka kazini na miguu tu." Baada yake wapangaji wengine wa mtaa ule nao wakashuka, na wenye nyumba wakaanza kuuza wakipunguza bei kila mwezi.

Hapo ndipo Sikuzani aliposhindwa kukaa. Alipanda kilima asubuhi akafungua mabomba kuona kama maji bado yanatoka, akashuka, akakumbuka hakuangalia paa, akapanda tena. Msikitini aliuliza bei. Sokoni, kwenye nyanya, aliuliza bei. Mumewe Rachid alimwambia kwamba kama ile nyumba ingekuwa mgonjwa, ingekwisha kufa kwa kutembelewa.

"We unacheka," alisema Sikuzani. "Jirani ameuza jana. Tutabaki sisi tu na kuta."

"Hizo kuta baba yako alizijenga akiwa hana hata baiskeli," Rachid alimjibu. "Zimeona vita, zimeona wazungu wa ONG, hao wa mashirika ya misaada, wanakuja na dolari na wanaondoka nazo. Ziache zipumzike."

Angeweza kuziacha, kama mlinzi wa nyumba asingemwambia jambo jingine. Alimwambia kwamba amekuja bwana mmoja na utepe wa kupimia, amezunguka vyumba vyote, ameandika, amepiga picha, na amesema ametumwa na Seifu wa Nairobi. Wiki hiyohiyo redio ilitangaza kwamba hisa za Nairobi zimeshuka sana.

Sikuzani alijumlisha hayo mawili kabla hajafika chini ya kilima. Seifu amepata hasara, anataka kuuza nyumba ya baba ili azibe shimo. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, tena kwa sauti, barabarani. Alimpigia simu Seifu akamuuliza kwa kuzunguka kama kuna habari. Seifu alikuwa kwenye mkutano. "Nitakupigia, dada. Tulia," akasema, akakata.

Sasa kwetu Bujumbura kuna desturi moja. Matapeli wamekuwa wengi. Mtu anasafiri, anarudi anakuta nyumba yake imeuzwa na asiyemjua, au na ndugu yake wa damu. Kwa hiyo mwenye hofu huandika ukutani kwa rangi, herufi kubwa, kwamba nyumba haiuzwi. Sikuzani alinunua rangi nyekundu na brashi, akapanda kilima, na kwenye ukuta ule mweupe wa Mzee Karimu akaandika kwa mkono wake: NTIGURISHWA. CETTE MAISON N'EST PAS À VENDRE. Alirudi nyumbani na rangi kwenye vidole, akala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Alichosahau, kwa haraka yake, ni kitu ambacho kila mtu mjini anakijua. Nyumba iliyotulia haiandikwi. Ukiona maandishi yale, ujue ndani yake kuna wawili, na mmoja anataka kuuza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Makomisionere wa Bujumbura, madalali wa nyumba, hawana jembe; wao ndugu wakigombana huchukua kapu siku hiyohiyo.

Wa kwanza alikuwa Prodige, kijana wa watu mwenye simu tatu na viatu vinavyong'aa. "Mama, niko na mutu," alisema. Sikuzani akamwonyesha ukuta. "Nimesoma, mama. Ndiyo maana nimekuja." Akataja bei, na ilikuwa chini kuliko ya jirani aliyeuza. Kesho yake akaja mwingine na bei ya chini zaidi. Kila aliyefukuzwa alikwenda Rohero, katikati ya mji, kwenye mabenchi yao akasema ile nyumba ya Mutanga Nord iko na kesi, na maneno hayo yakazidi kushusha bei. Sikuzani aliona nyumba yake ikiporomoka mbele ya macho yake, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mafuta.

Mmoja wao alipiga picha ya ukuta akaisambaza. Picha zinajua njia. Ilifika Nairobi kabla ya Ijumaa, na Ijumaa hiyo ujumbe wa sauti haukuja.

Alikuja Seifu mwenyewe. Alimpigia dada yake akiwa tayari Mutanga Nord, na Sikuzani alipofika akitweta alimkuta amesimama barabarani, begi mkononi, anasoma. Prodige naye alikuwepo, maana harufu ya mauzo humfikia popote.

"Ulimtuma mutu kupima," Sikuzani alianza, hata salamu hakutoa.

"Napimisha kila mwaka nijue thamani yake, dada. Tangu baba afariki. Mwaka huu ule bwana wa zamani amehama, nimetuma mwingine. Kupima si kuuza."

"Na hisa zako zimeanguka."

"Zimeanguka. Nimenunua zingine." Alisema bila hasira, na hilo lilimtisha Sikuzani kuliko ngumi. Kisha akamgeukia Prodige. "Nyumba kama hii, yenye maandishi, mutu anatoa ngapi?"

Prodige alimtazama Sikuzani, akamtazama Seifu, akaona leo hakuna kapu la kujaza. "Nusu, patron. Nyumba ya kesi ni nusu."

"Sawa. Dada, nunua sehemu yangu. Kwa bei hiyo ya nusu."

Sikuzani alicheka kwanza, akidhani ni utani. "We? We ndiyo unauza bei ikiwa chini?"

"Bei ikishuka siuzi," alisema Seifu. "Hata ishuke mpaka sifuri, nangoja, kwa sababu inarudi. Mi nauza sababu moja tu. Nikijua mwenye tuko naye ndani ya mali haniamini, natoka siku ile ile, kwa bei yoyote. Umeandika mi mwizi, dada. Kwenye ukuta wa baba. Na majirani wamesoma."

Sikuzani alisema ataufuta, ataupaka upya wote, leo leo. Seifu alisema aupake, nyumba sasa ni yake peke yake. Akainamia begi lake, akalishika, akaanza kushuka kilima kwa miguu. Usiku huo hakulala Buyenzi. Alichukua chumba hoteli, Rohero, mtoto aliyezaliwa avenue ya kumi na saba, na mtaani kote hakuna aliyejua afiche wapi uso wake kwa aibu hiyo.

Sikuzani alipika ndizi kwa samaki, za mafuta ya mawese, zile anazozipenda Seifu, akapeleka mwenyewe na chungu kikiwa bado cha moto. Mapokezi walimpigia simu. Seifu alishuka, akaketi naye kwenye viti vya wageni, akala kwa mkono, akamaliza. Alisema zimeiva vizuri. Sikuzani alimwambia alivyoshinda anahangaika, akamwomba msamaha, akalia bila kujificha mbele ya watu wa hoteli. Seifu alimshika bega, akampa leso.

"Kesho uje ule nyumbani," alisema Sikuzani. "Watoto wanakungoja."

"Kesho saa tatu tuko na notaire, tuandike nyumba kwa jina lako," alisema Seifu, akasimama kunawa.