Mwezi Mbele ya Mlima

Jua lilipojificha nyuma ya milima ya Kilosa, Joha alikunywa funda moja la maji, akatafuna tende bila kuisikia ladha yake, akarudi mbio uani kwenye darubini. Ilikuwa magharibi ya mfungo wa ishirini na tisa wa Ramadhani. Mwezi mchanga, kama upo, ungekaa juu ya mlima kitambo kidogo tu kabla ya kulifuata jua, tena mwembamba kiasi cha kulipita jicho hivi hivi.

Joha alikuwa mwalimu wa fizikia huko Mikumi, binti mwenye haya, aliyezungumza na ubao kwa raha kuliko na watu. Likizo hii alikuja kwa shangazi yake na mzigo wake wote: darubini ya mtumba, kamera ya kidijitali, na pete ya chuma ya kuviunganisha, aliyochongewa na fundi wa Mikumi. Alitaka picha ya mwezi mwandamo. Basi, hakutaka kingine.

Akapiga. Kweupe tupu. Akapunguza mwanga, akapiga tena. Akasogeza darubini, akapiga, na hapo kwenye kioo cha kamera ukatokea ukucha wa mwanga, mwembamba, umepinda vizuri.

"Nimeuona!"

Shangazi Mwajabu, aliyekuwa jikoni akikoroga uji, aliangusha mwiko. "Umeandama? Wallahi?" Hakungoja jibu. Alipiga vigelegele vikavuka ua, vikajibiwa nyumba ya pili, vikashika njia ya sokoni.

Kichwa cha Cosmas, jirani yao, kikachomoza juu ya ukuta. "Bi Mwajabu, mwezi?"

"Mwezi, Cosmas! Mwanangu kaupiga picha!"

"Afadhali. Sisi Wakristo tumefunga mwezi mzima tukisubiri pilau." Akatoa simu. "Ngoja nimpigie Sheikh, asije akaanza sala ya tarawehe bure."

Joha alicheka. Akainamisha darubini kidogo, apate na ukingo wa mlima, picha ipendeze. Alipoitazama, kicheko kilimkauka.

Ukucha ulikuwa palepale, kwenye kona ileile ya picha. Ila sasa nyuma yake ilionekana miti ya mlimani. Mwezi umekaa mbele ya mlima!

Alichomoa kamera, akachungulia ndani ya pete. Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Fundi alimwambia aipake rangi nyeusi kwa ndani. Yeye aliupenda mng'ao wake, akaona atapaka siku nyingine. Mwanga wa machweo uligonga ukingo wa pete, ukamchorea mwezi.

"Shangazi," aliita. Sauti haikufika hata mlangoni. Wanawake walikuwa wamejaa uani wakipeana mikono ya Idi, na nyuma ya jiko kuku alipiga kelele mara moja, akanyamaza.

Kesho mtaa mzima utakula mchana, na huenda bado ni Ramadhani, kwa ajili ya pete yake. Akawaza: labda mwezi upo kweli. Labda utaonekana kwingine, na hakuna atakayejua. Aliliwaza hilo mpaka akalionea aibu. Akavuta mtandio, akaikumbatia kamera, akatoka.

Msikitini walikuwa wanajaribu kipaza sauti. Wanaume walijaa barazani. Joha alisimama kando ya ngazi.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, binti yangu." Sheikh Abubakari alitabasamu. "Wewe ndiye shahidi wetu? Umeuona kwa macho au kwa mashine?"

"Kwa mashine, Sheikh. Na si mwezi. Mimi ndiye niliyeharakisha."

Akamwonyesha picha. Sheikh aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu tena. "Huu si mlima wetu huu?"

"Ndiyo."

"Na mwezi uko huku mbele?"

"Umeshuka kuchunga mbuzi!" alisema mtu, na baraza zima likaangua kicheko. Masikio ya Joha yaliwaka moto.

Mwingine hakucheka. "Watu wameshachinja, Sheikh! Huu ni mchezo?"

"Wamechinja kuku," Sheikh alisema, "hawajachinja saumu. Tukipata habari ya kweli kutoka kwingine, tutakula. Kwa mwezi huu hatuli." Akamgeukia Joha, akashusha sauti. "Nitatangaza tu kwamba haujaonekana. Jina lako si lazima."

Joha alitamani kuitikia. Lakini vigelegele bado vilisikika upande wa sokoni, na vyote vilibeba jina lake.

"Litaje, Sheikh," alisema, akitazama chini. "Wanajua habari imetoka kwetu. Usiponitaja watasema Joha kauona, Sheikh ndiye anayekataa."

Sheikh akapanda ndani. Kipaza sauti kikakoroma. "Ndugu Waislamu, Joha wa kwa Bi Mwajabu anasema alikosea. Hakuuona mwezi. Tarawehe ipo."

Jina lilimfuata njiani. Mmoja wa waliokuwa milangoni aliguna alipopita.

Nyumbani wageni walikuwa wameondoka. Shangazi Mwajabu alikaa kwenye kigoda, kuku aliyenyonyolewa mapajani, manyoya yamemganda mikononi.

"Kipaza sauti kile," alisema, "kinasikika mpaka ng'ambo ya reli."

"Najua, Shangazi. Nisamehe."

"Washa moto. Huyu tutamla daku."

"Na mimi daku nakuja!" Cosmas alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.